Nguo chafu baharini: Mambo ambayo msafiri wa meli ya kitalii hana budi kuyajua

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayejiandaa kupanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huuliza habari za chakula, mawimbi na kichefuchefu. Ni nadra sana kuuliza habari za nguo chafu. Suala hilo hujitokeza lenyewe siku ya nne au ya tano, meli ikiwa katikati ya bahari ya Karibiani au Mediterania, pale anapofungua sanduku na kukuta kwamba shati safi limebaki moja, soksi zimekwisha, na jioni hiyo kuna dhifa ambayo abiria wote wametakiwa kuvaa mavazi rasmi.

Kwa Mkenya, shida hiyo huanzia uwanja wa ndege. Meli nyingi za aina hii hung'oa nanga Miami, Barcelona, Southampton au Dubai, na kwa hivyo safari ya baharini hutanguliwa na safari ya angani. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida mzigo wa kilo 23 kwa sanduku moja. Meli yenyewe haimpimii mtu mzigo, lakini hilo halimsaidii aliyekwisha kupimiwa Nairobi.

Isitoshe, maisha ya melini hula nguo kuliko maisha ya nyumbani. Mtu huamka akavaa nguo za kutembelea bandarini, akarudi ameloa jasho, akavaa za kuogelea, kisha akabadilisha tena kwa ajili ya chakula cha jioni. Seti tatu kwa siku si ajabu. Mume na mke walio katika safari ya siku 10 wanaweza kwa urahisi kuchafua nguo 60, bila kuhesabu za watoto, ambao wana hesabu yao wenyewe.

Basi msafiri ana njia nne za kufua. Anaweza kumkabidhi mhudumu wa chumba nguo zikafuliwa na dobi wa meli, anaweza kuzifua mwenyewe katika chumba cha mashine iwapo meli ina chumba hicho, anaweza kuzifua kwa mikono katika sinki la bafuni, au anaweza kusubiri meli itie nanga na kumtafuta dobi mjini. Kila njia ina gharama yake, na si gharama zote zinazolipwa kwa pesa.

Njia ya kwanza ndiyo rahisi zaidi na ndiyo inayowaghadhabisha watu wengi wanapoletewa hesabu. Ndani ya kabati la kila chumba huwa mna mfuko wa nguo chafu pamoja na karatasi ya bei. Msafiri huorodhesha kila kitu anachokitia mfukoni, hutia sahihi na kumwachia mhudumu. Nguo hurudi baada ya siku moja au mbili zikiwa zimekunjwa au kutundikwa. Bei hutozwa kwa kila kipande, na hapo ndipo penye mtego: shati moja kwa dola kadhaa, suruali zaidi kidogo, gauni zaidi ya hapo. Mtu anayejaza mfuko pasipo kusoma karatasi hiyo anaweza kulipia kufuliwa kwa fulana bei inayokaribia ile aliyoinunulia Gikomba.

Hata hivyo, meli nyingi huwa na siku maalumu, aghalabu katikati ya safari, ambapo abiria huruhusiwa kujaza mfuko mmoja kwa bei moja. Bei hiyo hutofautiana baina ya kampuni na kampuni, lakini mara nyingi huwa kati ya dola 20 na 40. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, hiyo ni kati ya Sh2,600 na Sh5,200. Ukilinganisha na bei ya kipande kimoja kimoja, hakuna shaka ni ipi iliyo nafuu. Tangazo lake huletwa chumbani jioni kwa karatasi au huonyeshwa katika programu ya simu ya meli. Asiyesoma matangazo hayo hupitwa.

Fauka ya hayo, yafaa kujua masharti ya mfuko huo. Kwa kawaida huwa ni wa nguo ndogo ndogo: chupi, soksi, fulana, kaptura na nguo za kulalia. Mashati ya kupigwa pasi, magauni na suti havimo. Nguo hizo hufuliwa kwa pamoja, kwa maji ya moto, na kukaushwa kwa joto kali, kwani mitambo ya melini imeundwa kushughulikia shuka na taulo wala si hariri. Kitenge kipya ambacho bado kinachuja rangi, sweta ya sufu, leso ya thamani au kanzu iliyotariziwa kwa mkono havifai kuingizwa humo. Kitenge kikichuja, kitazivuruga nguo zote za mwenye mfuko, naye hatakuwa na wa kumlaumu.

Abiria waliokwisha kusafiri na kampuni moja mara nyingi huhesabiwa kuwa wateja wa kudumu, na baadhi ya kampuni huwafulia bila malipo. Ni heshima ambayo wenyewe huizungumzia kwa fahari mezani, na mgeni asishangae kusikia wazee wa watu wakijigamba kwa sababu ya soksi.

Chumba cha mashine

Je, meli yako ina chumba cha kujifulia? Swali hili lafaa kuulizwa kabla ya kulipa nauli, kwa sababu kampuni hazifanani. Meli za Cunard, ikiwemo Queen Mary 2 iliyoanza kazi mwaka 2004, zina vyumba ambavyo abiria huvitumia bila malipo. Viking pia haitozi. Katika meli nyingi za Princess na Carnival vyumba hivyo vipo lakini hulipiwa dola chache kwa kila duru ya kufua na nyingine kwa kukausha. Royal Caribbean, ambayo ndiyo yenye meli kubwa kupita zote duniani, haina vyumba vya namna hiyo. Abiria wake hutegemea mfuko au sinki.

Chumba chenyewe kwa kawaida ni kidogo. Huwa na mashine tatu au nne za kufulia, idadi kama hiyo za kukaushia, meza ya kukunjia na ubao wa kupigia pasi. Abiria elfu mbili na zaidi wakitaka kuvitumia vitu hivyo siku moja, ugomvi hauko mbali. Waliosafiri sana husema kwamba mahali pekee ambapo watu waungwana hutupiana maneno makali melini ni hapo. Chanzo huwa kile kile: mtu ameacha nguo zake mashineni akaenda kula, duru ikaisha, na mwingine aliyechoka kungoja akazitoa na kuziweka mezani, chupi zikiwa juu.

Kwa sababu hiyo, kaa na nguo zako. Aidha, chagua wakati. Siku ambazo meli haitii nanga popote ndizo zenye msongamano mkubwa, kwa vile kila abiria yumo ndani. Alfajiri saa kumi na mbili, au wakati meli imo bandarini na watu wameshuka kwenda kutembea, mashine huwa tupu. Nenda na sabuni yako mwenyewe ya kutosha duru mbili au tatu. Ile inayouzwa chumbani humo katika visanduku vidogo huwa ghali.

Na kuhusu sabuni, tumia kidogo. Sababu yake ni ya kisayansi na inahusu maji yenyewe.

Maji ya kufulia melini aghalabu hutengenezwa na meli. Bahari huvutwa ndani kwa pampu, kisha chumvi hutolewa kwa njia mojawapo kati ya mbili. Kuna mitambo inayoyachemsha maji kwa kutumia joto la injini, mvuke ukakusanywa na kupoozwa, na kuna mitambo inayoyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye matundu madogo mno yasiyopitisha chumvi. Meli kubwa huwa na yote mawili. Maji yanayopatikana huwa laini kabisa, yaani hayana madini ya kalisi na magnesi, na katika maji ya namna hiyo sabuni hutoa povu jingi. Anayetia kipimo alichozoea nyumbani atazitoa nguo zikiwa bado zinateleza.

Aliyelelewa Pwani akifua kwa maji ya kisima chenye chumvi anaijua hali iliyo kinyume cha hiyo. Unasugua kipande cha sabuni hadi mkono unauma na povu halitoki. Badala yake hutokea utando mweupe unaoganda kwenye karai. Madini ya maji hayo hushikana na sabuni yakaiharibu kabla haijaufikia uchafu. Mabaharia wa zamani walikumbana na tatizo hilo kila siku, na ndiyo maana walitengenezewa sabuni maalumu ya mafuta ya nazi, ambayo hutoa povu hata katika maji ya bahari. Baadaye walizisuuza nguo kwa maji ya mvua, iwapo mvua ilinyesha.

Kufua kwa mikono

Kwa Wakenya wengi njia hii haihitaji mafunzo. Hata hivyo, sinki la melini si karai. Ni dogo, bafu lenyewe ni dogo zaidi, na kazi ngumu huwa ni kukausha wala si kufua.

Fua nguo nyepesi peke yake: chupi, soksi, fulana za kitambaa chembamba. Suruali ya jinzi usiijaribu; itakaa siku tatu ikiwa na unyevu na mwishowe kunuka. Baada ya kusuuza usizikamue kwa kuzinyonga tu. Tandaza taulo kavu, laza nguo juu yake, kunja pamoja kama mkeka na uikanyage au kuiminya kwa nguvu. Taulo itanyonya maji mengi, na nguo itakayotundikwa jioni yamkini itakuwa kavu asubuhi. Mhudumu wa chumba atakuletea taulo nyingine bila kunung'unika, ingawa kuna sababu za kutozidisha, kama tutakavyoona.

Bafu nyingi za melini zina kamba nyembamba inayovutwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine juu ya mahali pa kuogea. Haikuundwa kubeba mzigo. Bafu pia lina kipenyo kinachovuta hewa nje, na kwa hivyo nguo hukauka humo kuliko mtu anavyotarajia. Hewa ya chumbani nayo ni kavu kwa sababu ya kiyoyozi. Anayedhani atasaidia kwa kuufungua mlango wa roshani hukosea, kwani huingiza hewa ya bahari yenye unyevu na kuzirudisha nguo nyuma.

Basi kwa nini asizianike roshanini, kwenye jua na upepo wa bure? Kampuni karibu zote zimepiga marufuku jambo hilo. Kwanza upepo wa baharini huipokonya nguo na kuitupa majini au kwenye roshani ya jirani. Pili, kuna suala la moto. Mnamo Machi 23, 2006, meli ya Star Princess ilikuwa njiani kuelekea Jamaica moto ulipozuka kwenye roshani ya abiria usiku wa manane na kuenea kwa kasi kutoka roshani moja hadi nyingine. Abiria mmoja alifariki. Wachunguzi walisema chanzo yamkini kilikuwa sigara iliyotupwa bila kuzimwa vizuri. Baada ya mkasa huo kanuni za kimataifa kuhusu vitu vinavyoweza kuwaka roshanini zilikazwa.

Pasi iache nyumbani

Hofu ya moto ndiyo inayoeleza pia marufuku ya pasi. Katika karibu kila meli ya kitalii abiria haruhusiwi kuwa na pasi chumbani, wala birika la umeme, wala jiko dogo la kupashia. Mizigo hukaguliwa kwa mashine wakati wa kupanda. Pasi ikionekana, sanduku huzuiliwa, mwenyewe huitwa kwenda kulifungua mbele ya maafisa, na pasi hutunzwa hadi siku ya mwisho wa safari. Si mwanzo mwema wa likizo.

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni kunyang'anywa ile waya ya kuongezea soketi, hasa yenye kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla. Nyumbani tunaihesabu kuwa kinga. Melini mambo ni tofauti. Katika umeme wa nchi kavu, waya mmoja kati ya miwili inayopeleka umeme umeunganishwa na ardhi. Katika meli nyingi hakuna hata mmoja ulioungwa na bodi la chuma, na yote miwili hubeba nguvu. Kifaa cha kinga kilichotengenezwa kwa ajili ya nyumba hukata waya mmoja tu. Wa pili hubaki na umeme, na kifaa kinaweza kupata joto hadi kuwaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari rasmi kuhusu jambo hili mwaka 2013.

Asiye na pasi atundike shati bafuni wakati anapooga kwa maji ya moto, na mlango uwe umefungwa. Mvuke hulegeza mikunjo. Halitakuwa shati la harusi, lakini litavalika.

Moto wa Ecstasy

Nidhamu hii si ya abiria pekee. Kisa kinachofundishwa zaidi kuhusu hatari za chumba cha kufulia melini kilisababishwa na wafanyakazi.

Alasiri ya Julai 20, 1998, meli ya Ecstasy ya kampuni ya Carnival iliondoka bandari ya Miami kuelekea Key West ikiwa na abiria 2,565 na wafanyakazi 916. Muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni, mafundi wawili walikuwa katika chumba kikuu cha kufulia wakikarabati mtambo wa kupigia shuka pasi. Walitumia moto wa kuchomelea vyuma bila idhini. Cheche zikaingia kwenye vumbi la nyuzi, yaani yale manyoya laini yanayotoka katika nguo zinapokaushwa, ambalo lilikuwa limerundikana ndani ya njia za kutolea hewa.

Anayetumia mashine ya kukaushia nyumbani huliona vumbi hilo kwenye kichujio na kulitupa pasipo kulifikiria. Ni pamba kavu iliyochanguka, na huwaka mara moja. Moto ulisafiri ndani ya njia za hewa hadi sitaha ya nyuma, mahali pa kuhifadhia kamba nene za kufungia meli gatini. Kamba hizo zilipowaka, moshi mweusi ulipaa ukaonekana kutoka pwani ya Florida. Meli ilipoteza nguvu za injini na usukani ikaanza kuelea ovyo. Matagi sita yalifika kusaidia kuzima na kuivuta. Moto ulitangazwa kuwa umezimwa mwendo wa saa tatu na dakika tisa usiku.

Wafanyakazi 14 na abiria wanane walipata majeraha madogo, na hasara ilizidi dola milioni 17. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ililaumu uchomeleaji ule usioidhinishwa pamoja na kampuni yenyewe kwa kutozitunza njia za hewa za chumba cha kufulia. Msafiri anapoombwa asafishe kichujio cha mashine kabla ya kuondoka, asidhani ni usumbufu wa mwenye chumba.

Walio chini ya sitaha

Chumba kikuu cha kufulia hakiko kwenye ramani anayopewa abiria. Kipo chini, mara nyingi chini ya usawa wa maji, mahali pasipo na dirisha. Huko kuna mitambo mirefu iliyogawanywa katika vyumba, nguo zikisukumwa kutoka kimoja hadi kingine huku zikilowekwa, zikifuliwa na kusuuzwa. Kuna mashinikizo ya kukamulia maji, makaushio yenye ukubwa wa gari dogo, na mitambo ya kupiga pasi na kukunja shuka kwa mkupuo mmoja.

Wingi wa kazi waweza kukisiwa. Icon of the Seas, iliyoanza kusafiri Januari 2024, hubeba abiria wapatao 7,600 inapojaa na wafanyakazi 2,350. Kila abiria akibadilishiwa taulo mbili tu, hizo ni taulo 15,200, kabla hujagusa shuka, foronya, vitambaa vya meza, taulo za bwawa la kuogelea na sare za wafanyakazi. Ndiyo sababu chumba hicho hufanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Pakizuka ugonjwa wa kuhara na kutapika, jambo ambalo hutokea melini, nguo na shuka za wagonjwa hutiwa katika mifuko maalumu na kufuliwa peke yake kwa joto kali ili maradhi yasienee.

Meli hazikuwa hivi tangu mwanzo. Titanic ilipoondoka Southampton mwezi Aprili 1912 haikuwa na chumba cha kufulia. Ilibeba nguo za kutosha safari nzima, vikiwemo vitambaa 45,000 vya kupangusia midomo mezani, na uchafu wote ulikusudiwa kurudishwa kwa madobi wa nchi kavu.

Neno lenyewe dobi, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Bara Hindi, lilipanda melini pia pamoja na mabaharia Waingereza, ambao hadi leo huita kufua kwa neno hilo hilo. Katika manowari zao kazi hiyo kwa miongo mingi ilifanywa na Wachina wa Hong Kong. Manowari za Sheffield na Coventry zilipopigwa katika vita vya Falkland mwaka 1982, madobi Wachina walikuwa miongoni mwa waliokufa. Hawakuwa wanajeshi.

Siku hizi wengi wa wafuaji katika meli za kitalii hutoka Ufilipino, Indonesia, India na nchi nyingine ambako mshahara wa dola una uzito. Vijana wa Kenya nao wamo katika ajira za meli hizi, na kwa kuwa hapa pana matapeli, yafaa sheria ielezwe kinagaubaga.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao ulianza kutumika Agosti 2013 na Kenya iliuridhia mwaka 2014, humhesabu dobi wa meli kuwa baharia sawa na anayeshika usukani. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumpatia ajira. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria ya namna hiyo. Viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hivyo mtu akikuambia kazi ya kufua katika meli ya Ulaya ipo tayari ukimtumia Sh80,000 za "kushughulikia", huyo ametamka mwenyewe kwamba anavunja sheria.

Kuhusu saa za kazi, nchi huchagua mojawapo ya vipimo viwili: kazi isizidi saa 14 kwa siku na 72 kwa juma, au mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa juma. Ni saa nyingi mno kwa yeyote aliyezoea ofisi, na mkataba wa ajira huendelea kwa miezi kadhaa mfululizo. Ajabu ndogo ni kwamba mkataba huo huo unaagiza mabaharia wenyewe wapewe mahali pafaapo pa kufulia nguo zao. Dobi anayefua elfu kwa elfu mchana hufua zake usiku.

Maji huenda wapi?

Povu likishaondoka mashineni huungana na maji ya bafu na ya jikoni. Sheria za bahari huyatenga haya na maji ya chooni. Mkataba mkuu wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaosababishwa na meli unaweka masharti kuhusu maji ya chooni, lakini kwa jumla hauyagusi haya mengine, na hivyo sehemu kubwa imeachiwa nchi moja moja. Marekani ilitunga sheria mahususi kwa ajili ya Alaska mwaka 2000, ikaweka viwango kwa maji yote mawili. Kwingineko kampuni nyingi hujiwekea kanuni zao.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza walionyesha mwaka 2016 kwamba kufua kilo sita za nguo za akriliki kunaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 za plastiki, nyingine ndogo kiasi cha kutoonekana. Meli za kitalii hutia nanga Mombasa, hasa kati ya Novemba na Aprili, na mvuvi wa Shimoni au Lamu ana haki ya kutaka kujua zinamwaga nini na wapi. Ndiyo sababu tulisema taulo zisizidishwe: kila moja ina maji yake, mafuta yaliyochomwa kuyachemsha maji hayo, na jasho la mtu huko chini.

Njia ya nne, ya dobi wa bandarini, haina mengi. Hufaa iwapo meli inalala bandarini usiku kucha. Meli ikikaa saa nane tu, usimwachie mtu nguo zako; nahodha hamsubiri abiria, seuze suruali.

Lililobaki ni la usiku wa mwisho. Katika meli nyingi abiria hutakiwa kuweka masanduku yake nje ya mlango usiku huo, takriban kabla ya saa tano, ili yashushwe mapema bandarini. Hatayaona tena hadi asubuhi, akishashuka. Mwenye kufua na amalize siku mbili kabla, na abakishe nguo za kuvaa asubuhi, pamoja na viatu. Kila safari hukosekani abiria mmoja anayeshuka gatini akiwa amevaa nguo za kulalia. Na mwenye mfuko plastiki mkubwa autie mkobani, kwa sababu nguo za kuogelea hazikauki usiku mmoja.